Wabunge 357 katika daftari la mjomba

Mjomba wangu alipostaafu ualimu alibaki na vitu viwili ambavyo hakuruhusu mtu kuvigusa: redio ya betri iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli, na rula ya mbao. Siku chache baada ya Uchaguzi Mkuu wa tarehe 31 Oktoba 2010 alinituma dukani hapo Kasulu mjini nikanunue kaunta buku ya kwaya mbili. Niliporudi nilimkuta barazani, miwani usoni, rula mezani. Akapiga mistari kwenye ukurasa wa kwanza: namba, jimbo, jina, chama. Safu ya tano aliiacha pana kuliko zote, akaandika juu yake neno moja: yatakayotokea.

Nilikuwa na miaka 19. Nilikuwa nimepiga kura kwa mara ya kwanza maishani, na kwa akili yangu shughuli ilikuwa imekwisha. Aliyeshinda kashinda, aliyeshindwa akalale. Mjomba ndiye aliyenifundisha kwamba siku ya kura ndiyo kwanza Bunge linaanza kutengenezwa, na kwamba sehemu kubwa ya utengenezaji huo mpiga kura haioni. Daftari lile la Bunge la Kumi, la mwaka 2010 hadi 2015, ninalo mpaka leo. Kila nikisikia watu wanabishana kuhusu nani alikuwa na wabunge wangapi enzi zile, huwa nalitoa.

Tulianza na nyumbani. Mkoa wa Kigoma ulikuwa na majimbo manane. Kasulu Mjini, Moses Machali, NCCR-Mageuzi. Kasulu Vijijini, Agripina Buyogera, NCCR-Mageuzi. Muhambwe, Felix Mkosamali, NCCR-Mageuzi. Kigoma Kusini, David Kafulila, NCCR-Mageuzi. Kigoma Kaskazini, Zitto Kabwe, CHADEMA. CCM ikabaki na Kigoma Mjini, Manyovu na Buyungu. Watano kwa watatu! NCCR-Mageuzi haikuwa na hata jimbo moja katika Bunge la Tisa. Sasa ilipata manne nchi nzima, na yote manne yalikuwa ya kwetu. Mtaani watu walitembea vifua mbele. Mjomba hakusema kitu. Aliandika majina kwa kalamu ya wino, kisha akachukua penseli kuandika chama. Nilidhani wino unamwishia.

Ilituchukua siku kadhaa kuzunguka nchi. CCM tuliiandika hadi mkono wangu ukafa ganzi. Dodoma na Tanga zilipita mwanzo mpaka mwisho kwa herufi zilezile tatu. Jumla majimbo 186. Kilichomfanya mjomba aweke kalamu chini na kutafakari ni miji. Arusha Mjini, Godbless Lema. Mbeya Mjini, Joseph Mbilinyi, yule Sugu wa muziki. Iringa Mjini, Mchungaji Peter Msigwa. Moshi Mjini, mzee Philemon Ndesamburo. Musoma Mjini, Vincent Nyerere, wa ukoo wa Mwalimu mwenyewe. Jijini Mwanza, Nyamagana ikaenda kwa Ezekia Wenje, aliyemwangusha waziri aliyekuwa madarakani, Lawrence Masha, na Ilemela kwa Highness Kiwia. Dar es Salaam ikatoa John Mnyika wa Ubungo na Halima Mdee wa Kawe. Wote hao CHADEMA. Mwaka 2005 chama hicho kilikuwa na majimbo matano tu. Sasa kilikuwa na 23.

CUF ilipata 24. Ishirini na mawili kati ya hayo yalikuwa Zanzibar, na Pemba yote, majimbo 18, ilikuwa yao. Bara walipata mawili: Kilwa Kusini kwa Selemani Bungara, maarufu kama Bwege, na Lindi Mjini kwa Salum Barwany. Kwenye jina la Barwany mjomba alisimama. Huyu alikuwa mtu wa kwanza mwenye ualbino kuchaguliwa na wananchi kuwa mbunge wa jimbo, na miaka ile watu wenye ualbino walikuwa wakiuawa na kukatwa viungo, hasa huku kwetu magharibi na kanda ya Ziwa. Mjomba alikuwa amewahi kumfundisha mtoto mmoja ambaye wazazi wake walimtoa shule kwa hofu hiyo. Katika safu ya tano, mbele ya jina la Barwany, aliandika tarehe ya uchaguzi peke yake, bila neno lingine. Hakunieleza kwa nini, nami sikuuliza.

TLP ikapata jimbo moja, Vunjo, la Augustine Mrema. UDP moja, Bariadi Mashariki, la John Cheyo. Tukajumlisha: 186, 24, 23, 4, 1 na 1. Majimbo 239, hamsini ya Zanzibar na 189 ya Bara. Hesabu ilikubali, nikafunga daftari.

"Mjomba, fungua," akaniambia. Kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo hivyo, mjomba kwa mjomba. "Hapo hujamaliza. Wamebaki zaidi ya mia."

"Viti maalumu?" nikamuuliza. "Hao si hawakuchaguliwa, mjomba?"

Hakunijibu papo hapo. Aliwasha redio, akasikiliza, akaizima. Kisha akanirudishia swali, kama alivyokuwa akifanya darasani: CUF ina majimbo 24, CHADEMA ina 23. Nani ataongoza upinzani bungeni?

Nikasema CUF. Hata mtoto wa darasa la pili angesema CUF.

"Wewe umehesabu majimbo," akasema. "Hujahesabu watu."

Siku ile ndipo nilipoielewa hesabu ambayo nina hakika wengi wetu tunapiga kura bila kuifahamu. Viti maalumu vya wanawake katika Bunge la Kumi vilikuwa 102, kutoka 75 vya Bunge la Tisa. Vinagawanywa kwa vyama kufuatana na kura zote halali ambazo chama kimepata katika uchaguzi wa wabunge nchi nzima, mradi chama kifikishe angalau asilimia tano. Idadi ya majimbo uliyoshinda haihusiki. Majimbo ya Pemba yana wapiga kura wachache. Jimbo moja la Dar es Salaam kama Ubungo lilikuwa na wapiga kura kuliko majimbo kadhaa ya Pemba yakiwekwa pamoja. CUF ilikuwa imeshinda kwingi penye watu wachache. CHADEMA ilikuwa imeshinda pachache, lakini imeshindwa kwa kura nyingi katika majimbo makubwa ya Bara, na kura hizo zote za kushindwa ziliingia kwenye kapu. Kapu lilipogawanywa, CCM ilipata viti maalumu 67, CHADEMA 25, CUF 10. CHADEMA ikafika wabunge 48, CUF 34. Aliyekuwa nyuma kwa jimbo moja akawa mbele kwa watu 14.

Na sisi wa Kasulu? Mjomba aliandika kwa herufi ndogo pembeni: NCCR, sifuri. Majimbo manne hayakutosha kufikisha asilimia tano ya kura za nchi. Kura yangu ilikuwa imempeleka mtu Dodoma, lakini kwenye kapu la viti maalumu haikuhesabika kabisa. Kura ya kijana wa Kilombero, ambaye mgombea wake alishindwa, ilihesabika.

Nataja Kilombero kwa makusudi. Jimbo lile CHADEMA ilimsimamisha Regia Mtema, msichana aliyekuwa akitembea kwa mguu wa bandia na kuongea bila kumwogopa mtu. Alishindwa na mgombea wa CCM. Kisha akaingia bungeni kwa viti maalumu, yaani kupitia kapu lilelile ambalo kura zake za kushindwa zilikuwa zimesaidia kulijaza. Mjomba alimpenda sana yule binti. Alikuwa akipandisha sauti ya redio kila aliposimama kuuliza swali. Tangu hapo sijawahi kutamka tena kwamba viti maalumu hawakuchaguliwa. Walichaguliwa, ila kwa njia ambayo hatukufundishwa kuisoma.

Hilo halinifanyi nifumbe macho kwenye tatizo lake. Orodha ya majina ya wanawake hao hupangwa ndani ya vyama, na mpiga kura wa kawaida haioni kabla ya kupiga kura. Nani awe wa kwanza na nani wa ishirini na tano ni uamuzi wa vikao. Mwanamke anayepata kiti kwa njia hiyo anajua fika kwamba wa kumshukuru, na wa kumwogopa, wako ndani ya chama chake. Wanawake waliposhika zaidi ya theluthi ya Bunge lile, tulikuwa na haki ya kujivunia. Lakini wengi wao walikuwa wamekalia viti ambavyo hakuna mwananchi wa kata fulani anayeweza kusema hiki ni changu, nitakidai. Agripina Buyogera wa kwetu alisimama jukwaani Kasulu Vijijini akashindana na kushinda. Ningetamani kuona wengi wa namna yake, na ninaona aibu kwamba vyama vyetu huwapa wanawake majimbo kwa mkono wa birika.

Turudi kwenye hesabu, maana bado haijakamilika. Majimbo 239 na viti maalumu 102 ni 341. Ongeza watano wanaochaguliwa na Baraza la Wawakilishi la Zanzibar kutoka miongoni mwao. Ongeza kumi ambao Rais anaweza kuwateua. Ongeza Mwanasheria Mkuu wa Serikali, ambaye ni mbunge kwa wadhifa wake. Ndipo unapata 357. Na kwa Kanuni za Bunge, chama kilichohitaji kuunda kambi rasmi ya upinzani kilipaswa kuwa na asilimia 12.5 ya wabunge wote. Mjomba alipiga hesabu hiyo kwa mkono, na karatasi yake bado imebandikwa ndani ya jalada: ni wabunge 45. CHADEMA ilikuwa nao 48. Ilivuka kwa watu watatu.

Hapo ndipo ninapowataka wasomaji wangu wasimame kidogo. Bila wale wanawake 25, CHADEMA ingekuwa na wabunge 23 na isingeunda kambi peke yake. Freeman Mbowe, aliyerudi bungeni kupitia Hai, asingekaa kwenye kile kiti cha Kiongozi wa Kambi ya Upinzani, KUB, kwa nguvu ya chama chake tu. Tundu Lissu asingekuwa mnadhimu wa kambi ya namna ile. Tunapolisimulia Bunge la Kumi tunataja wanaume waliopaza sauti. Idadi iliyowapa nafasi ya kupaza sauti hiyo ililetwa na wanawake, tena wengi wao majina yao tumeshayasahau. Mimi mwenyewe, bila daftari, siwezi kuwataja kumi.

Tarehe 12 Novemba 2010 Bunge lilimchagua Anne Makinda, mbunge wa Njombe Kusini, kuwa Spika, mwanamke wa kwanza kushika kiti hicho Tanzania. Alipata kura 265, na Mabere Marando aliyesimamishwa na CHADEMA akapata 53. Siku sita baadaye Rais Kikwete alikuja kulihutubia Bunge, na alipoanza tu kusoma, wabunge wa CHADEMA wakasimama na kutoka ukumbini. CUF walibaki vitini. Tulisikiliza barazani, majirani wamejazana, na mara ugomvi ukazuka kati ya watu waliokuwa wanakunywa chai pamoja. Wengine walisema wabunge wale wamemvunjia heshima mkuu wa nchi. Wengine walisema wametusemea. Mjomba aliwaomba wapunguze sauti, kisha akaandika: wametoka 18/11.

Kutoka kwa wale na kubaki kwa hawa kulikuwa na chanzo chake. Julai mwaka huohuo Wazanzibari walikuwa wamepiga kura ya maoni kukubali serikali ya umoja wa kitaifa, na baada ya uchaguzi Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF akawa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar. CHADEMA wakauliza: mtu aliye serikalini na CCM upande mmoja wa Muungano atakuwaje mpinzani wake upande wa pili? Mitaani neno lililotumika lilikuwa ndoa. CUF nao walikuwa na lao: katika Bunge la Tisa kiongozi wa upinzani alikuwa Hamad Rashid Mohamed, mtu wao, na sasa walionekana kama wageni katika nyumba waliyoisimamia wenyewe. Siwezi kusema upande mmoja ulikuwa na haki yote. Nionavyo mimi, amani ya Zanzibar ilikuwa na thamani kuliko kiti chochote cha kambi bungeni, na CHADEMA hawakuipa uzito uliostahili.

Februari 2011 ukaja mvutano wa kanuni. Maana ya upinzani katika kanuni zinazohusu kamati ilitanuliwa ihusishe vyama vyote visivyo tawala, na CHADEMA wakatoka tena ukumbini. Matokeo yake yalionekana kwenye kamati za kusimamia fedha za umma, ambazo kwa desturi zilikuwa zikiongozwa na wapinzani. Hesabu za Serikali, PAC, ikaenda kwa John Cheyo. Hesabu za Serikali za Mitaa, LAAC, ikaenda kwa Augustine Mrema. Chama chenye wabunge 48 kikapata Mashirika ya Umma, POAC, kupitia kwa Zitto Kabwe, na vyama viwili vyenye mbunge mmoja mmoja vikapata kamati mbili nzito. Mjomba alicheka siku ile, kicheko cha mwalimu aliyeona mwanafunzi amepata jibu kwa njia isiyofundishwa. "Mbunge mmoja," akasema, "akijua kukaa mahali pazuri, ni mzito kuliko arobaini."

Safu ya tano ilianza kujaa. Rostam Aziz wa Igunga alijiuzulu Julai 2011, na uchaguzi mdogo ukampa kiti Dalaly Kafumu wa CCM. Januari 2012 alifariki Jeremiah Sumari wa Arumeru Mashariki, na mwezi wa nne jimbo likaenda kwa Joshua Nassari wa CHADEMA. Siku chache tu baada ya hapo Mahakama Kuu ikamvua ubunge Lema wa Arusha Mjini. Desemba Mahakama ya Rufani ikamrudishia. Januari hiyohiyo ya 2012 ndipo Regia Mtema alipofariki kwa ajali ya gari, maeneo ya Ruvu. Kwake hakukuwa na uchaguzi mdogo. Mbunge wa viti maalumu akifa, jina linalofuata kwenye orodha ya chama ndilo linaloitwa. Mjomba hakukata jina lake kama alivyowakata wengine. Alilizungushia mstari, akatoka nje, akakaa kwenye kivuli cha mwembe mpaka jioni.

Aprili 2012 tukapata somo la wabunge kumi wa kuteuliwa. Zitto alianza kukusanya saini za hoja ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu Mizengo Pinda, baada ya ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu kuwaumbua mawaziri. Katiba inataka saini za asilimia 20 ya wabunge wote, na asilimia 20 ya 357 inavuka kidogo 71, yaani saini 72. Zilianza kupatikana, na kilichotikisa nchi ni kwamba mbunge wa CCM, Deo Filikunjombe wa Ludewa, naye alitia yake. Hoja haikufika ukumbini. Mwezi wa tano Rais akapangua Baraza la Mawaziri, mawaziri sita wakaachwa nje. Lakini waziri lazima awe mbunge, na waliotakiwa hawakuwa wabunge wote, hivyo Rais akatumia nafasi zake: Profesa Sospeter Muhongo akateuliwa kuwa mbunge na kupewa Nishati na Madini, Janet Mbene na Saada Mkuya Salum wakapewa unaibu waziri. Katika uteuzi huohuo alimpa ubunge James Mbatia, mwenyekiti wa NCCR-Mageuzi. Rais wa CCM akawa ameongeza mbunge wa upinzani kwa kalamu yake mwenyewe! Kasulu tulishangilia, tulikuwa wanne, tukawa watano.

Sababu ya penseli niliielewa Desemba 2011, NCCR ilipomvua Kafulila uanachama. Ibara ya 71 ya Katiba inasema mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni, anapoteza ubunge. Watu wa Kigoma Kusini walikuwa wamempigia kura kijana wao, na kikao kilichofanyika mbali nao kilikuwa na uwezo wa kuwanyang'anya. Kafulila alikimbilia mahakamani, kiti kikasalimika, baadaye yeye na chama wakapatana. Januari 2012 CUF nayo ikamfukuza Hamad Rashid Mohamed, naye akaokolewa na mahakama. Jambo hili linaniumiza mpaka leo. Mwananchi anaweza kumchagua mbunge lakini hana namna ya kumwondoa katikati ya muhula, chama kinayo. Tumeweka ufunguo wa nyumba kwa mtu asiyelala ndani. Majina mjomba aliyaandika kwa wino kwa sababu yaliwekwa na watu. Chama alikiandika kwa penseli kwa sababu alijua atahitaji kifutio.

Halafu ukaja mwaka 2014, ambao kwa maoni yangu ndio uliolipa Bunge la Kumi heshima yake. Kafulila, yule aliyenusurika kufutwa, alisimama akadai kwamba mabilioni ya akaunti ya Tegeta Escrow, zaidi ya shilingi bilioni 300, yametolewa isivyo halali. Katika majibizano ukumbini Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Frederick Werema, alimlinganisha na tumbili. Mbunge wa jimbo la mwisho kabisa la nchi, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, dhidi ya mbunge ambaye kiti chake kinatokana na ofisi! Suala likapelekwa kwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, likarudi PAC, ambayo wakati huo ilikuwa imeunganishwa na POAC na kuongozwa na Zitto. Makamu wake alikuwa Filikunjombe wa CCM. Mwishoni mwa Novemba wakaisoma ripoti yao. Siku hizo pale mjini hukusikia redio za miziki. Kila duka lilikuwa Dodoma. Desemba Werema alijiuzulu, Profesa Anna Tibaijuka akaondolewa uwaziri, na Januari 2015 Profesa Muhongo akajiuzulu naye.

Ukichukua orodha ya vyama peke yake, huwezi kubashiri hayo. CCM ilikuwa na majimbo 186 na viti maalumu 67, na ingeweza kuzima hoja yoyote kwa kuitikia ndiyo au siyo. Haikuizima, kwa sababu ndani ya hao 253 kulikuwa na watu kama Filikunjombe, ambao safu yao ya chama haikuwaeleza walivyo. Alifariki Oktoba 2015 katika ajali ya helikopta, siku chache kabla ya uchaguzi, akiwa kwenye kampeni. Mjomba alikuwa CUF moyoni tangu 1995. Alimlilia.

Mwaka huohuo wa 2014 wapinzani waliokuwa wakirushiana maneno mwaka 2011 walitoka pamoja katika Bunge Maalumu la Katiba na kujiita UKAWA, Umoja wa Katiba ya Wananchi. Mbowe akaipanga upya kambi yake, akawaingiza CUF na NCCR. Nilimsomea mjomba habari hiyo kwa simu, maana wakati huo nilikuwa nimehamia Dar es Salaam. Alikaa kimya kiasi kwamba nilidhani mtandao umekata. Kisha akasema wangefanya hivyo miaka mitatu nyuma, wangeokoa muda mwingi.

Machi 2015 Zitto alivuliwa uanachama wa CHADEMA, akaaga Bunge, akaenda ACT-Wazalendo. Penseli ikafutwa. Julai Rais akalihutubia Bunge kwa mara ya mwisho, na mjomba akapiga mistari miwili chini ya jina la 357, kama anavyofunga daftari la mahudhurio mwisho wa muhula. Katika safu ya tano hapakuwa na nafasi iliyobaki. Kwenye kurasa nyingine alikuwa ameanza kuandika pembeni, wima, mpaka ulazimike kulizungusha daftari.

Niliporudi likizo Desemba ile nilimkuta na daftari jipya, amelinunua mwenyewe. Tukaanza na nyumbani, kama kawaida. Kigoma Mjini, Zitto Kabwe, ACT-Wazalendo, jimbo pekee la chama chake nchi nzima. Kigoma Kusini, Kafulila hayupo, CCM. Muhambwe, CCM. Kasulu Vijijini, CCM. Kasulu Mjini, Daniel Nsanzugwanko, CCM. Ile NCCR-Mageuzi tuliyodhani ni mali yetu ilikuwa na mbunge mmoja wa jimbo, Mbatia, na jimbo lenyewe lilikuwa Vunjo, huko Kilimanjaro, alikotolewa Mrema. Macho ya mjomba yalikuwa yameanza kufifia, hivyo majina aliniamuru niyaandike mimi, kwa wino. Nilipofika kwenye safu ya chama alininyooshea penseli.